Mialoni ya Marekani na mialoni ya Ulaya: mbona kule ni utitiri wa aina na huku naona mmoja tu?

#1 MwanaKilosa

Wakuu, habari za humu. Nimeishi Minnesota miaka sita nikitunza bustani za watu, na tangu mwaka jana niko Nottingham, Uingereza, kazi ni ileile. Kuna jambo nakutana nalo kila siku nikiwa na reki mkononi, na sijapata wa kunieleza.

Kule, kwenye kiwanja cha mteja mmoja tu, nilikuwa nakusanya majani ya mialoni ya aina nne. Wa kwanza jani lake lina ncha kali, na kila ncha inaishia na kiunywele. Wa pili jani lina mawimbi ya duara, halina ncha hata moja. Wa tatu kokwa yake inakaa ndani ya kikombe chenye nyuzinyuzi ukingoni, utadhani kofia ya sufi. Wa nne uliota karibu na kidimbwi, na jani lake ukiligeuza ni jeupe. Huku Nottingham nimeshazunguka bustani zaidi ya ishirini. Mialoni ipo mingi, mingine mikongwe ajabu, lakini jani ni lilelile: dogo, la mawimbi, na kwenye kitako chake lina masikio mawili madogo kama ya panya. Kikonyo karibu hakipo.

Halafu rangi. Ikifika Oktoba, mialoni ya kule inawaka nyekundu mpaka mtu unasimama kazi. Ya huku inageuka kahawia, basi, inapukutika.

Mimi naamini Waingereza walikata aina nyingine zote kujengea meli za vita, ukabaki huu mmoja. Nipo tayari kusahihishwa.

#2 Dogo Msitu

Mkuu MwanaKilosa, swali zuri sana. Nilisomea misitu Morogoro, kwa hiyo niruhusu nianze na masahihisho mawili.

Kwanza, Uingereza ina mialoni miwili ya asili, si mmoja. Huo wenye masikio ya panya ni Quercus robur. Wa pili ni Quercus petraea. Kuitofautisha angalia vikonyo: robur jani halina kikonyo cha maana ila kokwa zake zinaning'inia kwenye kikonyo kirefu. Petraea ni kinyume chake, jani lina kikonyo na kokwa zimeganda kwenye tawi. Ukishajua hilo hutasahau.

Pili, hadithi ya meli. Ni kweli meli zilimeza misitu. HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765, ilikula miti kama 6,000, na sehemu kubwa ilikuwa mialoni. Lakini kukata miti mikubwa ni jambo moja na kufuta spishi nzima ni jambo jingine. Watu wale walikuwa wanapanda pia. Ufaransa, waziri Colbert aliutengea jeshi la majini msitu wa Tronçais mwaka 1670, na msitu huo upo hadi leo.

Sababu kubwa ni barafu. Miaka kama 20,000 iliyopita sehemu kubwa ya kaskazini ya Ulaya ilikuwa imefunikwa. Mialoni ilijificha kusini, Hispania, Italia na nchi za Balkani. Sasa tazama ramani: milima ya Alps na Pyrenees imelala mashariki-magharibi kama ukuta. Mti unaokimbia baridi kuelekea kusini unagonga mlima, na ng'ambo ya mlima kuna bahari. Marekani milima ya Appalachia imelala kaskazini-kusini, njia iko wazi mpaka Florida na ghuba ya Mexico. Miti ikashuka, barafu ilipoyeyuka ikapanda tena. Ya Ulaya mingi iliishia njiani.

#3 Mama Neema

MwanaKilosa, kumbe ndiko ulikokimbilia! Umetuachia majani ya Minnesota tuyaokote wenyewe na magoti haya.

Kuhusu aina nne, huo wa kofia ya sufi ni Quercus macrocarpa, na mimi ninao mbele ya nyumba. Gome lake ni nene kama mkate. Zamani moto wa mbugani ulipita kila mwaka ukaacha miti mingine majivu, huo ukabaki umesimama. Nilielezwa hivyo na jirani yangu mzee aliyezaliwa mtaa huuhuu, na nimeona mwenyewe shina lenye kovu jeusi upande mmoja huku juu limejaa majani.

Ila mimi nataka kuuliza kuhusu ugonjwa. Wenye ncha kali uliokuwa nyuma ulinyauka Julai, majani ya juu yakawa kahawia kuanzia pembeni, na kabla ya mwisho wa Agosti mti wote ulikuwa umekufa. Fundi aliyekuja kuukata aliniambia nilikosea kupunguza matawi Mei. Ni kweli?

#4 Dogo Msitu

Pole sana Mama Neema. Ni kweli. Huo ni mnyauko wa mialoni, unaletwa na kuvu anayeziba mirija ya maji. Wadudu wadogo wanaofuata utomvu wa kidonda kibichi ndio wanaombeba, na ndiyo maana Minnesota wanakataza kupogoa mialoni Aprili hadi Julai. Subiri baridi kali. Kama kuna mialoni mingine ya ncha kali karibu, jihadhari, maana mizizi yake huungana chini kwa chini na ugonjwa unapita humo.

Huo wa kofia ya sufi una nafuu. Kundi la mialoni meupe linaweza kuziba mirija yake lenyewe na kumfungia kuvu mahali pamoja. Kundi jekundu ndilo linalokufa ndani ya wiki chache.

Nalo hilo linamjibu MwanaKilosa: mialoni ya ncha na viunywele, yaani hilo kundi jekundu, kiasili inaota Amerika peke yake. Ulaya haikuwa nalo hata mti mmoja wa asili. Kundi jeupe, la majani ya mawimbi, liko pande zote mbili.

#5 Seremala wa Keko

Nimetoka Keko, sasa naranda mbao Rotterdam. Majani siyajui, ila mbao ya mwaloni naijua kwa pua. Ukipasua mbao mbichi inanuka uchachu kama siki, na ukisahau msumari wa chuma juu yake usiku wenye unyevu, asubuhi unakuta doa jeusi kama wino. Hata wino wenyewe, ule wa maandishi ya kale ya Ulaya, ulipikwa kwa vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma. Ni ile tanini, ukali ulio ndani ya mti.

Dogo Msitu anaposema kuziba mirija, mimi nimekuona huko kuziba kwa macho. Chukua kipande cha mwaloni mwekundu wa Marekani, urefu wa kidole. Tumbukiza ncha moja kwenye glasi ya maji, upande wa pili weka mdomo upulize. Mapovu yanatoka! Ni kama mrija wa soda. Fanya hivyo kwa mwaloni mweupe wa Marekani, unapuliza mpaka mishipa inatoka shingoni na maji hayatikisiki.

Ndiyo sababu mapipa ya kuhifadhia vinywaji hayatengenezwi kwa mwekundu, yatavuja. Wa Ulaya uko katikati: ni wa kundi jeupe lakini mirija haikuzibwa sawasawa kama ya mwenzake wa Marekani. Kwa hiyo mafundi wa mapipa Ufaransa hawaupasui kwa msumeno kama Wamarekani. Wanauchana kwa kabari kufuata uzi wa mti, ili mirija isikatwe. Hapo mbao nyingi inapotea, na bei inapanda.

Kama mtu ataniuliza kitanda, bado nasema mninga.

#6 Kinyozi wa Leipzig

#5 umenifungua macho. Nina kiti cha mbao za mwaloni pale kibandani na kina madoa meusi kila penye skrubu. Nilidhani ni uchafu wa wateja.

Niongeze moja. Ujerumani Quercus rubra, yaani mwekundu wa Marekani, umepandwa sana, tangu zamani. Mtaani kwangu huo umepandwa upande mmoja wa njia, na upande wa pili ni wa kijerumani, robur. Udongo mmoja, mvua moja. Oktoba ule wa Marekani unageuka wekundu wa matofali na wa pili unakuwa njano ya kuchoka halafu kahawia. Kwa hiyo rangi haitokani na nchi, mti umezaliwa nayo.

Na wenye pesa za Ujerumani mfukoni watoe senti 1, 2 au 5. Kile kijitawi chenye kokwa mbili ni mwaloni. Tazameni majani, mawimbi matupu, hakuna ncha.

#7 Mkulima wa Nyeri

Niaje wadau. Mnasema mwaloni hauko Afrika, na sisi hapa tuko nao kwa mashamba ya kahawa tangu enzi za walowezi. Babu yangu alipanda mistari mizima. Wazungu waliuita mwaloni wa hariri.

#8 Dogo Msitu

Ndugu yangu wa Nyeri, huo ni mgrevilea, Grevillea robusta, umetoka mashariki mwa Australia na hauna undugu na mwaloni. Wazungu waliuita hivyo kwa sababu mbao yake ukiipasua inaonyesha madoa yanayong'aa yanayofanana na ya mwaloni. Jani lake limechanika kama meno ya chanuo, na hauzai kokwa ya kikombe.

Hakuna aliyesema Afrika haina. Mwaloni wa asili upo Moroko, Aljeria na Tunisia, ukiwemo ule unaotoa vizibo vya chupa, Quercus suber, ambao gome lake linachunwa kila baada ya miaka tisa au zaidi na mti unaendelea kuishi. Kusini ya Sahara ndiko hakuna wa asili. Stellenbosch kule Afrika Kusini ni ya kupandwa, kazi ya Waholanzi tangu karne ya 17.

#9 Mkulima wa Nyeri

Sawa, nimekubali. Lakini mbao ya mgrevilea imetusomesha wote kwetu, sitaibadilisha kwa kokwa.

#10 Mzee Yohana

Wanangu, mimi neno mwaloni nililijua kanisani kabla sijaujua mti. Abramu aliketi kwenye mialoni ya Mamre huko Hebroni. Nilipofika Canada kwa mwanangu, nikaonyeshwa mwaloni wenye majani mapana kama kiganja, nikajua ndio huo. Nafurahi kusikia hapa kwamba kuna aina nyingi. Je, wa Mamre ulikuwa upi kati ya hii miwili, wa Ulaya au wa Marekani?

#11 Binti Hamisi

Shikamoo Mzee Yohana. Si huu wala ule. Wa vilima vya Palestina ni mwaloni usiopukutisha majani, una vijani vidogo vigumu vyenye miiba pembeni, na mara nyingi ni kichaka tu, ila ukiachwa bila kukatwa unakuwa mti mkubwa. Ni wa kundi la tatu, ambalo Amerika halipo kabisa. Isitoshe, kuna wafasiri wa Kiebrania wanaosema mti unaotajwa pale si mwaloni bali ni jamii ya mti wa pistachio. Tafsiri za lugha mbalimbali zinapishana kwenye mistari hiyohiyo.

Sasa nimgeukie Dogo Msitu. Nakubali barafu ilipunguza miti ya Ulaya, ila haitoshi kuwa jibu. Mexico ina spishi kama 160 za mwaloni, Marekani kama 90. Barafu haikuifikia Mexico kama ilivyoifikia Kanada, kwa hiyo wingi wa Mexico hautokani na njia ya kukimbilia. Unatokana na milima. Kila bonde lina mvua yake, kila mteremko una baridi yake, na mwaloni unaofika pale unagawanyika. Waliosoma jeni za mialoni wameona kwamba makundi mawili, jekundu na jeupe, yaliingia Mexico yote mawili na kila moja likazaa spishi nyingi kwa kasi. Amerika imeongeza. Ulaya si lazima iwe imepoteza.

Na kuna jambo linalonigusa zaidi. Jeni hizohizo zinaonyesha kuwa mialoni meupe ya Ulaya na Asia inatokana na mababu waliotoka Amerika mamilioni ya miaka iliyopita. Huo wenye masikio ya panya hapo Nottingham, ambao Waingereza wanauona nembo yao, ukoo wake ni wa ng'ambo.

#12 Dogo Msitu

Binti Hamisi, hapo nakupa heshima yako. Lakini chavua ya mwaloni ya kale zaidi tunayoijua imepatikana Austria, ina miaka milioni 56. Tusiwape Wamarekani ukoo wote.

#13 Binti Hamisi

Jenasi nzima, yaani mialoni yote, sikusema, nimesema kundi jeupe. Soma tena.

#14 Lubumbashi kwa Texas

Jambo ndugu zangu. Huku Texas kuna mwaloni hamjautaja, wa kijani mwaka mzima. Majani ya zamani yanaanguka Machi wakati mapya yanasukuma, kwa hiyo reki tunashika wakati watu wa kaskazini wameshaweka zao. Matawi yanalala mpaka chini, watoto wangu wanapanda bila ngazi.

Mama Neema, ule mnyauko uko kwetu pia na unatusumbua vibaya. Miti hii inaota kwa kundi moja, mizizi imeshikana, mmoja akiugua mtaa mzima unalia. Sisi kila tawi tukikata tunapaka rangi kwenye kidonda palepale, hatungoji dakika kumi. Na Februari mpaka Juni hatukati. Mwenye nyumba niliyokuwa napanga alikata Aprili bila kupaka. Miti saba ilikufa, na kivuli chote cha watoto kikaenda.

#15 Mama Neema

Saba! Mungu wangu. Nimeshawaambia majirani wote wawili, na mmoja ameniahidi ataahirisha mpaka Januari.

#16 MwanaKilosa

Nashukuru wote, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Hoja ya meli nimeiondoa.

Ila bado nina neno. Dogo Msitu, kama kuta za milima ndizo tatizo, Ufaransa na Italia zina aina ngapi? Na Uingereza, yenye mbili, inahesabiwaje pamoja nazo?

#17 Dogo Msitu

Swali la haki. Ulaya ya kusini ina mingi: ilex, suber, pubescens, cerris, frainetto, pyrenaica, na hiyo siyo yote. Uturuki peke yake ina spishi kama 18. Uingereza ni kisa cha pekee, kwa sababu barafu ilipoondoka miti ilikuwa inarudi kwa miguu, maana yake kwa midomo ya ndege wanaozika kokwa. Miaka kama 8,000 iliyopita bahari ikapanda ikakata njia. Waliofika wamefika, waliochelewa wakabaki Ufaransa.

#18 Binti Hamisi

Basi unaona! Tukiweka Uturuki na Kaukazi, pengo linapungua. Tukiondoa Texas, California na Florida upande wa pili, linapungua tena. Sehemu ya tofauti hii ni mahali mtu alipochora mpaka. Na mialoni inazaana ovyo, spishi kwa spishi, mpaka wataalamu wenyewe hawakubaliani wahesabu vipi.

#19 Kinyozi wa Leipzig

Rangi mmeiacha. Nimesema mti umezaliwa nayo, lakini kwa nini uzaliwe nayo? Kuna faida gani kwa jani linalokufa kesho?

#20 Binti Hamisi

Hapo wanagombana hadi leo. Njano ipo ndani ya jani siku zote, kijani kikiondoka inaonekana. Nyekundu haipo, mti unaitengeneza upya mwisho kabisa, na inaugharimu. Wengine wanasema ni kinga ya jua: mti unaporudisha virutubisho kutoka kwenye jani, ile nyekundu inazuia mwanga usiharibu kazi. Siku zenye jua kali na usiku wa baridi kavu, kama za Minnesota, inahitajika. Ulaya ya mawingu haihitajiki sana.

Wengine wanasema ni onyo kwa wadudu wanaotafuta mahali pa kutaga mayai. Na wanarudi kwenye milima ya Dogo Msitu: Ulaya miti ilipokufa ukutani ilikufa na wadudu wake, ikabaki haina wa kumwonya. Amerika mti na mdudu walisafiri pamoja, vita ikaendelea.

#21 Mama Neema

Mwaka juzi kulikuwa na mvua Septemba nzima, na rangi haikutoka vizuri. Wadudu walikuwepo vilevile. Mimi niko upande wa jua.

#22 Mkulima wa Nyeri

Hizi kokwa zinaliwa ama ni za kindi tu?

#23 Seremala wa Keko

Hispania nguruwe wananenepeshwa kwazo. Watu pia wamekula. Wenyeji wa asili wa California walizitwanga unga, wakaumwagia maji tena na tena mpaka uchungu ukaisha, wakapika uji. Mimi nikaona ni kama sisi na muhogo mchungu.

#24 Dogo Msitu

Njia inafanana, sumu hazifanani. Muhogo mchungu una sayanidi, unaua. Kokwa zina tanini, inakausha mdomo na kuumiza tumbo. Kundi jekundu ndilo chungu zaidi, na kokwa zake nyingi zinachukua miaka miwili kukomaa. Za kundi jeupe zinakomaa mwaka huohuo na zinachipua mara tu zinapoanguka. Kindi wa kijivu analijua hilo: kokwa nyeupe anaing'ata kwanza pale kwenye kiini ili isichipue, ndipo anaizika. Nyekundu anaizika nzima.

#25 Kinyozi wa Leipzig

Kindi ana elimu kuliko mtaa wangu mzima.

#26 MwanaKilosa

Na hapa Nottingham kindi wa kijivu mwenyewe ni Mmarekani, waliletwa karne ya 19. Wananichunia magome ya miti michanga.

Wakuu, leo mchana nimepita msitu wa Sherwood, pale penye ule mwaloni mkongwe ulioegemezwa nguzo, nikafanya kipimo cha #2. Hatua mia moja hivi pembeni ya njia nimeokota tawi. Jani lina kikonyo, nimekipima kinafika upana wa kidole changu kidogo. Nikasema huyu ndiye petraea. Lakini kitako cha jani kina masikio! Na kokwa mbili, moja ina kikonyo kifupi, nyingine imeganda kwenye tawi. Sasa nimshike yupi?

#27 Binti Hamisi

Huenda umeshika mtoto wa wote wawili. Si nimesema wanazaana ovyo?

#28 Dogo Msitu

Usikimbilie, robur ina ubishi wake. Mkuu, ligeuze jani uangalie kwa lenzi pale mshipa wa katikati unapotoa matawi, kama kuna vinyweleo vidogo vya umbo la nyota. Petraea anavyo, robur hana. Piga picha ya karibu uiweke hapa. Na tawi usilitupe.